Aliyenishika mkono amejifungua, nami nashindwa kuvuka mlango wake

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma ilivyo, kwa sababu kila siku ninayochelewa kuna mtu anaumia kwa ajili yangu.

Mwanangu ana miaka mitatu. Siku niliyomzaa nilitokwa na damu nyingi mara tu baada ya kondo la nyuma kutoka. Nakumbuka mkunga akinikandamiza tumbo kwa nguvu zake zote, nakumbuka magurudumu ya kitanda yakilia nikisukumwa mbio, kisha giza. Nilipozinduka mtoto hakuwepo pembeni yangu. Alikuwa wodi ya watoto wachanga kwa kuwa alichelewa kupumua, ila hilo nilikuja kuelezwa baadaye. Kwa saa nyingi kila niliyemuuliza aliniambia nitulie, nipumzike. Nikaamini mwanangu amekufa na kwamba wanatafuta namna ya kunieleza. Saa zile, Shangazi, sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho.

Tuliporudi nyumbani watu walikuja, wakampakata mtoto, wakamshukuru Mungu kwamba tuko hai wote wawili, wakaenda zao. Nami nilishukuru, kwa mdomo. Jirani yangu ndiye aliyerudi kesho yake, na keshokutwa, na kila alasiri baada ya hapo. Hakuwa amezaa bado wakati huo. Hakunihoji wala hakunipa mawaidha. Alikuwa akisema, "Niletee huyo, wewe kalale," kisha anakaa na mtoto hadi niamke. Siku nyingine sikulala, nililia tu upande wa pili wa pazia, naye alijua, akaniacha nilie.

Wiki ya tano ndiye aliyegundua. Alisema, "Dada, mtoto akilala wewe hulali. Unakaa unahesabu pumzi zake." Ilikuwa kweli. Akanipeleka kliniki yeye mwenyewe, akambeba mtoto njia nzima. Muuguzi akanipa karatasi ya maswali 10, yale yanayoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, ambayo yamekuwa yakitumika tangu mwaka 1987. Tisa niliyajibu vizuri tu. La kumi linauliza kama katika siku saba zilizopita umewaza kujidhuru. Kalamu ilisimama. Niliandika ukweli, na nadhani jibu lile moja ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Walinipima damu, wakaangalia na tezi ya shingo kwa sababu nayo ikivurugika baada ya uzazi humfanya mtu awe hivyohivyo, mchovu na mwenye huzuni. Tezi ilikuwa salama. Ilikuwa sonona. Mshauri alinifafanulia kwamba ile huzuni ya siku za kwanza, inayowapata wazazi wengi na kuwaliza bila sababu, huanza karibu siku ya tatu na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo na kuzidi, si ya kusubiri tena. Na hatuko wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Nilipolisikia hilo nililia kwa nafuu. Nilikuwa nimejiona mama mbaya peke yangu duniani.

Nikaingia kwenye kikundi cha akina mama, tukiwa saba, tukikutana kila wiki. Nikapona, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Hadi leo akija mama mgeni ananyooshewa mimi: mtazame huyu, alikuwa vibaya kuliko wewe.

Sasa jirani yangu amejifungua. Mtoto ana wiki nne.

Nilikwenda siku ya pili, na zawadi mkononi na furaha ya kweli moyoni. Nimeingia tu mtoto akalia, kile kilio chembamba cha kitoto kichanga. Mikono ikawa ya baridi, masikio yakajaa yale magurudumu. Sikuwa tena sebuleni kwa jirani yangu, nilikuwa nimelala nikisubiri kuambiwa mwanangu amekufa. Nilitoka nikisema wangu ana homa. Hakuwa na homa.

Tangu hapo sijavuka mlango ule. Nafua nguo za mtoto wake nyumbani kwangu na kumpa mume wangu azipeleke. Natuma salamu. Kila nikiulizwa nazua udhuru mpya, na udhuru unakaribia kuniishia. Juzi ameniandikia ujumbe wa maneno mawili: "Nimekukosea nini?" Nimeusoma hadi nimechoka kuusoma. Sijaujibu.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Taa ya chumba chake inawaka usiku kucha. Dada yake, ambaye alikuja kumsaidia kwa siku chache na ameshaondoka, alimwambia mume wangu kwamba hata mtoto akilala mama halali, anakaa anamtazama. Hakulisema kama jambo kubwa. Lakini mimi nalijua. Maneno hayohayo ndiyo niliyoambiwa mimi, na aliyeniambia ni yeye. Wiki mbili zimeshapita, tena mara mbili. Katika watu wote wanaomzunguka huenda mimi ndiye pekee ninayeweza kuitambua hali ile kwa jina lake, na mimi ndiye nisiyekwenda.

Mume wangu ni mtu mwema, ila anasema yangu yamekwisha, mtoto mwenyewe anakimbia huko nje, niache kuyafukua. Mama yangu anaona namlipa mtu fadhila za punda. Silikatai neno la mama. Limenichoma kwa sababu ndivyo ninavyojiona.

Nimejaribu kujisaidia. Nimekumbuka mshauri aliwahi kuniambia kwamba sonona na kiwewe vinaweza kuja pamoja, na sonona ikaondoka kiwewe kikabaki kimelala hadi sauti au harufu fulani ikiamshe. Wakati ule sikutilia maanani. Nilitaka tu kuambiwa nimepona.

Nilisoma pia habari ya Pakistan, ambako wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari wa akili, walifundishwa namna ya kuzungumza na akina mama wenye sonona walipowatembelea majumbani. Utafiti ulichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado na sonona ni asilimia 23 kwa akina mama hao, na asilimia 53 kwa wale waliotembelewa kwa njia ya kawaida. Habari hiyo ilinipa moyo kisha ikanitia hofu. Wote walitembelewa, tena kwa kiasi kilekile. Kilichotofautiana ni mgeni alikuja na nini. Sasa mimi nikienda nikiwa natetemeka, nampelekea nini yule mwanamke? Yeye alikuja kwangu ametulia, na utulivu wake ndio nilioushikilia.

Shangazi, nina maswali matatu na naomba usinifiche.

La kwanza, nimweleze ukweli sasa hivi? Nikimwambia kwamba kilio cha mwanawe kinanirudisha kwenye kifo, nitakuwa nimemtwisha mzigo mtu ambaye mgongo wake hauna nafasi. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba amenikosea, na mtu aliye katika hali ile huamini upesi sana kwamba kosa ni lake. Mimi niliamini hivyo kwa kila jambo.

La pili, nikiwaomba wenzangu wa kikundi wamwendee, wampeleke kliniki kama yeye alivyonipeleka, je, nitakuwa nimemtelekeza? Hapa naona kuna haraka kuliko aibu yangu, na huenda nitawaambia hata kabla ya jibu lako kufika. Ila nitalazimika kuwaeleza kwa nini siendi mimi, na wale akina mama wageni wananitazama mimi kupata tumaini. Sijui watakaaje wakijua kwamba baada ya miaka mitatu bado nakimbia kilio cha mtoto.

La tatu linanihusu mwenyewe. Mtu hurudije kwa mshauri kusema kwamba hakumaliza? Nilikwishaagwa pale. Walinipigia makofi.

Nguo za mtoto wake nilizofua asubuhi zimekauka. Nimezikunja, ziko hapa mezani ninapoandika, na mume wangu anarudi saa kumi na mbili. Mpaka saa hiyo zitakuwa mikononi mwangu.

Wako,
Mama wa mmoja