Shukrani kwa mzee wa daladala ya Jambiani

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ndiye yule mama niliyeshuka Darajani, mjini Zanzibar, na mabegi mawili na mtoto mgongoni, nikasahau kamera chini ya kiti. Kamera hununuliwa nyingine. Kadi iliyokuwa ndani ndiyo iliyonitoa machozi: siku 4 za likizo, kima punju wa msitu wa Jozani, na mama yangu, miaka 71, akiingia baharini kwa mara ya kwanza, gauni amelikunja magotini, anacheka.

Nilirudi kituoni jua linazama, sina matumaini. Nikakukuta umeipakata, umeifunga ndani ya mfuko wa mkate isiingie vumbi. Kwanza ukaniuliza kuna picha gani ndani (ulifanya vyema sana). Watu wa pale wakaniambia umeacha magari mawili ya kurudi kwenu yakaondoka, unanisubiri. Mawili! Noti niliyokupa ukaikunja, ukamtia mwanangu kiganjani: “Mnunulie bajia.”

Jina sikukuuliza, kilio kilinizidi. Picha ya mama tumeitundika sebuleni. Ahsante sana, baba. Mwenyezi Mungu akuzidishie.