Muuza dawa, niulize kwanza nyumbani tunajikuna wangapi

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mie ni fundi cherehani, nakaa Makorora hapa Tanga, na leo naomba kanafasi niongelee ngozi, maana ukurasa wenu wa afya kila nikifungua ni presha na kisukari. Sawa, ni magonjwa makubwa, sikatai, lakini huku uswahilini watu wanajikuna mpaka wanatoka damu na hakuna anayewaambia kitu.

Mwaka jana wakati wa kaskazi mwanangu wa pili, ana miaka saba, alianza kuwashwa. Mchana anacheza hana habari, usiku akishapanda kitandani akapata joto la shuka ndo unasikia kwaru kwaru kwaru mpaka unaamka wewe. Bibi yake akasema pweza huyo, kala pweza. Tukakata pweza, tukakata dagaa, mayai tukakata, yani mtoto akabaki na maharage na mchicha kama yuko jela na bado anajikuna. Jirani akaja na lake, ati damu chafu, tukachemsha muarobaini tukamwogesha wiki nzima, mtoto kawa mchungu hata mbu hamtaki, kujikuna kuko palepale.

Nikaenda duka la dawa. Nikasema mtoto anawashwa, kijana wa dukani hata macho hajainua kwenye simu, mkono ukaenda kwenye shelfu ukarudi na tyubu. Ile ya mchanganyiko, kila mama wa mjini anaijua, ndani mna dawa ya fangasi na ya bakteria na steroidi, ile ya kutuliza muwasho, humohumo. Elfu mbili mia tano. Na nisiwe mnafiki, siku tatu za mwanzo nilimuombea dua yule kijana maana mtoto alilala. Wiki ya pili muwasho ukarudi na nguvu mpya, mdogo wake nae akaanza, alafu mie mwenyewe kwenye viganja na kiunoni. Nikanunua tyubu ya pili, ya tatu, zilifika tano wallahi, na ngozi ya mtoto kwenye mapaja ikawa nyembamba inang'aa kama nailoni.

Aliyetuokoa ni mteja wangu, nesi, alikuja kupima gauni la harusi ya mdogo wake. Nimeshika futi namzungushia kiunoni, yeye macho yako kwa mwanangu aliyekaa chini anajikuna. Akasema hebu njoo baba, akamshika mkono akaupeleka chini ya taa ya cherehani, akaachanisha vidole. Njoo uone fundi, akaniambia. Nikainama. Katikati ya vidole pale kwenye ngozi laini kulikuwa na kimstari kifupi cha kijivu, hakifiki hata mshono mmoja wa cherehani, kimepinda kama kipande cha uzi, na mwisho wake kidoa. Akaniambia huyo ndo yuko humo ndani, kachimba handaki anataga mayai, mawili matatu kila siku. Upele huo, sio pweza.

Kumbe upele ni kidudu, kinaingia ndani ya ngozi, kwa jicho hivihivi humuoni maana hafiki hata nusu milimita. Na kwa mtu ambae hajawahi kuupata unaweza kukaa wiki nne mpaka sita hajisikii chochote huku kashaambukiza wengine kitandani. Hapo ndo nikaelewa kwanini tulikuwa tunazunguka, nampaka huyu, yule asiyejikuna namuacha, kumbe ndo ghala. Na ile steroidi ilikuwa inanyamazisha muwasho tu, kidudu hakina habari, kinaendelea na uzazi wake kwa raha zake.

Nesi hakuuliza mtoto kala nini. Aliuliza nyumbani mnalala wangapi na nani mwengine anajikuna usiku. Swali hilo moja tu. Na Mhariri ndo sababu ya barua hii, kwamba tyubu tano nimeuziwa kwenye maduka matatu tofauti na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hilo swali, na la bure.

Dawa yenyewe tuliyopewa ni ile ya maji meupe kama tui, BBE wanaiita, yani benzili benzoeti, harufu yake kali na ukiwa na michubuko inachoma kwelikweli, watoto walilia. Ya watoto inachanganywa na maji kwa kipimo anachokupa mhudumu, usijipimie. Nyumba nzima siku moja, mpaka baba yao ambae aliapa yeye mzima, kuanzia shingoni hadi nyayo, kitovuni, chini ya kucha, sehemu za siri, na ukinawa mikono unapaka tena. Usiku mbili mfululizo, alafu tukarudia baada ya wiki maana mayai mengine yanasalimika mara ya kwanza. Mashuka na nguo tukafua kwa maji ya moto tukaanika juani, vya kutofulika tukafunga kwenye viroba siku nne, kidudu kikikosa mwili wa mtu siku mbili tatu kinakufa. Kuna na vidonge vya ivamektini, hivihivi tulivyomezeshwa watu wa pwani kwenye kampeni za matende na mabusha, daktari anaviandika kwa uzito wa mtu, ila sio vya mjamzito wala mtoto ambae hajafika kilo 15.

Jambo moja nusura linirudishe dukani ni kwamba baada ya dawa muwasho haukuisha palepale. Unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne kwasababu ngozi bado inapigana na mizoga iliyobaki. Nesi alinionya mapema, asingenionya ningesema dawa feki.

Sasa watu wanauchanganya upele na mashilingi. Mashilingi jina lake tu linakwambia, duara kama sarafu, ukingo umenyanyuka una magamba, katikati kunapona kuko shwari. Hiyo ni fangasi, inataka krimu ya fangasi tupu isiyo na steroidi, unapaka mpaka nje kidogo ya duara na unaendelea hata ukiona pamepona. Kijana wa mtaani kwetu alipaka tyubu ya mchanganyiko, duara likapoteza ukingo wake likasambaa mgongo mzima, alipofika hospitali hata daktari ilibidi amkwangue akapime maabara. Na yale ya kichwani, mapunye, nywele zinakatika zinaacha viraka, hayo hata upake krimu debe zima hutoi, fangasi iko ndani ya unywele wenyewe, inatakiwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, wiki sita mpaka nane. Akina mama wa watoto wa chuo mnanielewa, kofia moja vichwa vitano.

Baka lililopauka lisilowasha, ukiligusa na pamba mtu hasikii, hilo usilipake kitu, nenda kituo cha afya wakaangalie ukoma. Dawa zake ni bure na unapona.

Kingine kinachotupoteza ni simu. Nilitafuta mtandaoni nikakuta "ngozi inakuwa nyekundu", na picha zote za wazungu. Mwanangu mweusi tii, wekundu nitauona wapi mie? Kwetu unaonekana ni weusi uliozidi, au kijivujivu, au vipunje tu ambavyo unavihisi kwa kidole kabla ya jicho. Ndo maana naomba gazeti lako litutafutie wataalamu waandike, na picha za ngozi zetu. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, wanapokea mpaka wanafunzi wa nchi nyingine, hatuna haja ya kwenda mbali.

Alafu hili la aibu. Watu wanaficha upele kwasababu wanaona ni uchafu. Mie naoga mara mbili kwa siku, jua la Tanga hili utaacha kuoga? Kidudu hakichagui msafi, kinataka ngozi kwa ngozi tu, watoto wanaolala kitanda kimoja, wanaoshikana mikono. Aliyefichwa anajikuna mpaka vidonda vinatunga usaha, na wadudu wa usaha ule wengine wanaweza kuleta ugonjwa wa figo, unaona uso wa mtoto umevimba asubuhi na mkojo kama chai ya rangi, na hapo ni kukimbia hospitali.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani, moja katika yale matatu, nimefata panadol. Mbele yangu baba mmoja na kanzu yake anasema mtoto hawalazi, anawashwa usiku. Mkono wa muuzaji nauona unaenda kwenye shelfu ileile. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza yule baba, samahani kaka, nyumbani mnajikuna wangapi? Akanitazama kama nimemvua kanzu, akaangalia mlangoni kama kuna mtu anasikia, alafu akasema kwa sauti ya chini, "Sita."

Ni mie msomaji wako,
Fundi cherehani, Makorora, Tanga.