Barua ya wazi kwa mtoto wa kaka yangu anayetaka kusoma akili mnemba

Mwanangu,

Salamu zako zilinifikia pamoja na lile swali ulilolituma usiku wa manane: je, uache kazi ya uhasibu uliyoipata mwaka jana ukaombe nafasi ya shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta, upande wa akili mnemba, au ubaki ulipo, kwa kuwa, kama ulivyoandika, mashine zenyewe sasa zinaandika programu? Nimekaa wiki tatu bila kujibu kwa sababu ya mitihani, si kwa kukupuuza. Nakujibu hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa vijana wanne niliowahi kuwafundisha hisabati wameniuliza jambo hilohilo kwa maneno yanayokaribiana mno na yako, na sina nguvu ya kuandika barua tano.

Unafahamu kwamba nilisimama mbele ya ubao kwa miaka 14 kabla ya kurudi mwenyewe kuketi kwenye dawati. Nilipoanza muhula wa kwanza nikiwa na umri wa miaka 41, mkubwa kuliko mhadhiri aliyekuwa akinifundisha, nilitarajia kukutana na roboti. Nilikutana na bao.

Wiki za mwanzo za kozi ya akili mnemba ni za utafutaji, yaani namna mashine inavyochagua njia moja kati ya njia nyingi kiasi kwamba haiwezekani kuzipitia zote. Kwa michezo ya watu wawili kanuni yake ni nyepesi kuieleza: kwa kila hatua ninayoweza kucheza, nijiulize mpinzani wangu atajibu kwa lipi litakaloniumiza zaidi, kisha nichague ile hatua ambayo maumivu yake ni madogo kuliko ya nyingine zote. Babu yako hakuwahi kugusa kompyuta, lakini pale barazani Muheza alikuwa akinishika mkono kabla sijaokota kete na kuniuliza, "Ukishacheza hapo, mimi nitakula wapi?" Kompyuta ya IBM iliyomshinda Garry Kasparov katika sataranji mwaka 1997 ilikuwa ikiuliza swali hilohilo la babu yako, ila iliweza kuliuliza kwa mikao ipatayo milioni 200 kila sekunde.

Zoezi letu lilituruhusu kuchagua mchezo wowote, nami nikachagua bao la Kiswahili, nikidhani kwamba utoto wangu wote ulikuwa maandalizi ya zoezi hilo. Sasa, kwa kuwa mashine haiwezi kuuona mchezo hadi mwisho wake, ni lazima isimame mahali fulani na kukadiria kama mkao ilioufikia ni mzuri au mbaya, na anayeipa kipimo cha kukadiria ni wewe mwandishi wa programu. Mimi niliipa kipimo ambacho kilionekana hakina ubishi: mwenye kete nyingi kati ya zile 64 ndiye aliye katika hali nzuri. Programu ikacheza kama bahili. Ilikusanya kete kwa pupa, ikazilundika safu ya nyuma, ikaibomoa mapema nyumba yake, lile shimo kuu la safu ya mbele, kisha ikafungwa ikiwa na kete nyingi kuliko zangu, kwa sababu katika bao, kama ujuavyo, safu ya mbele ikikauka umekwisha hata kama nyuma kumejaa. Kosa halikuwa la mashine. Ilinitii kwa utiifu ambao sikuwahi kuupata kwa mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili, na utiifu huo ndio ulioiangamiza.

Nimekaa sana kwenye bao kwa sababu jambo hilo limenifuata muhula mzima, na ndilo ninalotaka ulijue kabla hujajaza fomu yoyote. Watu hudhani kwamba kozi hii inafundisha kutengeneza mashine yenye akili. Sehemu kubwa ya kazi yake, na sehemu iliyo ngumu kwangu, ni kuamua mashine ipimwe kwa nini, kisha kutambua pale ambapo kipimo chenyewe kinakudanganya.

Sehemu ya pili ya muhula ndiyo ambayo wengi huiita akili mnemba siku hizi: mashine inayojifunza kutokana na mifano badala ya kuandikiwa kanuni moja baada ya nyingine. Kikundi chetu cha watu watatu kilichukua picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani Uganda, ambazo maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere na watafiti wa mazao wa nchi hiyo walizitoa hadharani mwaka 2020. Ni picha zaidi ya 21,000, zilizogawanywa katika makundi matano: batobato, michirizi ya kahawia, ugonjwa wa bakteria, madoa ya kijani, na majani yasiyo na ugonjwa. Nilizipenda kwa sababu magonjwa hayo ni ya kwetu pia. Batobato ilielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, pale milimani juu ya Muheza, ambapo bibi yako alikuwa akitukataza kwenda kuokota kuni.

Modeli yetu ya kwanza, yaani programu iliyojifunza kutokana na picha hizo, ilipata usahihi wa asilimia 61. Kwa watu walioanza juzi, tuliona si haba, na mwenzetu mmoja akaagiza soda. Kabla soda hazijafika nilifungua majibu yenyewe, picha moja baada ya nyingine, kama nilivyozoea kusahihisha madaftari, nikakuta kwamba modeli imeandika "batobato" kwenye kila picha, hata kwenye jani zima la kijani kibichi. Kumbe katika seti ile picha za batobato ni kama asilimia 61 ya picha zote. Modeli ilikuwa haijajifunza chochote kuhusu muhogo. Ilikuwa imejifunza, kama baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani, kwamba ukijaza herufi B kwenye maswali yote ya kuchagua hutoki na sifuri.

Tuliirekebisha, na wiki mbili baadaye ikapata asilimia 97. Safari hii hatukuagiza soda, lakini tulikwenda kwa mhadhiri tukitembea kifua mbele. Aliangalia kwa dakika chache, akatuuliza kwa upole, "Mtihani wenu haujavuja?" Ulikuwa umevuja. Ili kuongeza mifano tulikuwa tumezigeuza picha, kushoto kuwa kulia na juu kuwa chini, na tulifanya hivyo kabla ya kutenga picha za kufundishia na picha za mtihani. Hivyo jani lilelile lilikuwa limekaa pande zote mbili, modeli ikilikariri upande mmoja na kulikuta limepinduliwa upande wa pili. Tulipotenga kwanza na kugeuza baadaye, asilimia 97 ikaporomoka hadi 84. Ile 84 ndiyo alama ninayojivunia kuliko zote nilizopata chuoni, na sijali kwamba wenzangu wawili hawakubaliani nami.

Hata hiyo 84 haikutosha kwa sababu nyingine, ambayo mtu wa mjini anaweza asiione. Picha za michirizi ya kahawia ni kama moja tu katika kila kumi. Modeli isiyoutambua ugonjwa huo kabisa, lakini inayopatia mengine yote, ingepata karibu asilimia 90 na kupongezwa. Lakini huo ndio ugonjwa ambao majani yanaweza kuonyesha dalili hafifu huku mizizi ikioza chini kwa chini, na mkulima akagundua siku ya kuvuna. Kumwambia mkulima kwamba shamba lake ni zima wakati lina michirizi ya kahawia, na kumwambia kwamba linaumwa wakati ni zima, ni makosa mawili yasiyolingana gharama, ilhali usahihi wa jumla unayahesabu kuwa sawa. Ilitubidi kupima kila ugonjwa peke yake. Hapo namba zetu zikawa mbaya zaidi kuzitazama, na kwa mara ya kwanza zikawa za kweli.

Wewe mhasibu utanielewa haraka kuliko vijana wa kompyuta, kwa kuwa umeona vitabu vya hesabu vinavyowiana hadi senti ya mwisho na bado vikawa vya uongo.

Mfano wa tatu nitautoa katika lugha yetu, kwa sababu ndiko ninakotaka kupeleka utafiti wangu. Tafsiri za mashine zimepimwa kwa miaka mingi kwa kipimo kiitwacho BLEU, kilichotokea IBM mwaka 2002, ambacho kwa ufupi huhesabu maneno na mafungu ya maneno yanayofanana kati ya tafsiri ya mashine na tafsiri ya binadamu. Kwa Kiingereza, ambacho hutenganisha maneno yake, kipimo hicho kina mantiki. Kiswahili hufunga sentensi nzima ndani ya neno moja: "sitakupikia" ina mkanushaji, wakati, mtendwa, tendo na kauli ya kutendea. Mashine ikiandika "sitawapikia" imekosea kiungo kimoja tu, lakini BLEU huliona neno zima kuwa limekosewa, sawasawa na kama mashine ingeandika "meza." Mwaka 2015 Maja Popović alipendekeza kipimo cha chrF, ambacho hulinganisha mafungu ya herufi badala ya maneno, na kwa lugha kama yetu kilikuwa nafuu kubwa. Nilikishangilia kwa siku nzima, hadi nilipoweka mbele yake "sitakupikia" na "nitakupikia." Ni tofauti ya herufi moja. Kipimo kikaona maneno hayo yanakaribiana sana, ilhali mmoja atalala na njaa na mwingine atakula. Bado sina dawa ya jambo hilo; nina daftari lililojaa jozi za namna hiyo.

Kuhusu hisabati nitakuwa mfupi, maana najua hukuipenda. Utahitaji matriksi, zile za kidato cha nne na nyingine nyingi zaidi yake. Utahitaji hesabu za mteremko, kwa sababu modeli hujifunza kwa kubadilisha namba zake kidogo kidogo kuelekea upande ambao kosa linapungua, na njia ya kupeleka kosa hilo nyuma, tabaka kwa tabaka za hesabu zilizo ndani ya modeli, iliyopata umaarufu kwa makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986, ni hesabu hizo tu zikifuatana. Na utahitaji hesabu za uwezekano kuliko vyote. Niliwaona wenzangu wenye ujuzi mkubwa wa kuandika programu wakikwama hapo, na nikaona wengine wakinunua kozi za mtandaoni za kujifunza zana, ambazo kwa maoni yangu huzeeka kabla ya risiti zake. Kompyuta mpakato yenye nguvu nyingi si lazima mwanzoni: sehemu kubwa ya kazi yetu tuliifanya kwenye mitambo ya bure ya Google Colab, inayotumiwa kupitia mtandao, tukivumilia kukatikiwa katikati ya mafunzo na kuanza upya.

Sasa swali lako la mashine kuandika programu. Ni kweli zinaandika, na zinaandika vizuri kuliko mimi kwa mambo ya kawaida. Chuoni kwetu hilo limebadilisha namna ya kutahiniwa: ukikabidhi kazi, unaitwa ofisini kuitetea kwa mdomo, mstari kwa mstari, na aliyenakili hujulikana kwenye swali la pili. Lakini kumbuka makosa niliyokusimulia. Programu ya bao haikuwa na kasoro hata moja ya kuandikwa. Programu ya muhogo iliyopata 97 ilifanya kazi bila kugoma. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama kipimo kinadanganya au mtihani umevuja, na mtu huyo ndiye ninayejaribu kuwa. Sitakuficha kwamba sijui kama waajiri watamlipa vizuri.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Mwaka 1955 John McCarthy na wenzake watatu waliomba fedha wakaamini kwamba watu kumi wakikaa pamoja kiangazi kimoja katika chuo cha Dartmouth wangepiga hatua kubwa katika fani hii. Wakakutana mwaka 1956, na bado tunahangaika. Itakusubiri miezi 12. Rudia matriksi na uwezekano jioni, na kabla ya kuomba nafasi unifanyie kazi moja.

Ukienda Muheza mwezi wa nane, piga picha za majani ya muhogo katika shamba la bibi na katika yale mawili ya jirani ng'ambo ya kijito, asubuhi na mchana, pamoja na zile zitakazotoka na kivuli au ukungu, maana mkulima hapigi picha kama mpiga picha wa harusi. Mwombe bibi ang'oe mashina machache ili uone mizizi, uandike ulichokiona chini kando ya picha ya kilichokuwa juu. Na kila shamba liwe na bahasha yake. Usizichanganye hata kidogo, kwa sababu shamba la tatu nataka modeli isilione mpaka siku ya mtihani.

Ni mimi,
Shangazi yako