Shukrani kwa dada wa mtaa wa Langoni, Lamu

Dada yangu, umenikataza kukutaja jina nami nimetii, lakini wema huu lazima upate mashahidi.

Nachonga fremu za vioo kwa nakshi zetu za Lamu. Nje ya kisiwa hakuna aliyejua kazi yangu. Wewe ulizitoa fremu juani ukaziweka dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, kwenye kivuli, ukapiga picha ya kazi nzima, kisha ukasogea mpaka mkato wa patasi ukaonekana ndani ya petali la ua. Chini ya kila picha ukaandika aina ya mbao, vipimo kwa sentimita na bei. Ukanifungulia katalogi ya WhatsApp Business, na kiungo chake ukakitia kwenye wasifu wa Instagram.

Lililonigusa zaidi: ulihakikisha barua pepe na nywila ni zangu mwenyewe. Wapo mafundi niwajuao waliofunguliwa akaunti wasizoweza kuziingia. Pesa ulikataa, ukanywa kahawa tu.

Mteja wa Mombasa ameshaagiza fremu mbili. Allah akulipe kheri, dada. Nanyi wenye ujuzi huu, mtafuteni fundi mmoja mtaani kwenu mkae naye hata alasiri moja.