Juma, hizo risasi za greni 58 ziweke kabatini

Amarillo, Texas
Oktoba 14

Swahiba yangu Juma,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kazini wakati wa mapumziko, mashine zinanguruma, nikaambulia "koyote" (yule mbwamwitu mdogo wa huku Marekani) na "watoto wa mbuzi watatu" basi. Mara ya pili nyumbani, ndipo nikaelewa kwamba umeshanunua na bunduki. Poleni sana kwa mbuzi, mpe pole na shemeji. Bunduki hongera. Hiyo .243 (risasi zake zina upana wa sehemu hiyo ya inchi) hata mimi ndiyo ninayoitumia, kwa hiyo hujakosea. Ila huyo aliyekuuzia naona amekurushia maboksi manne ya risasi za kila aina kama muuza duka anavyokurushia pipi akikosa chenji.

Nimeona nikuandikie, maana habari za namba ukizisikia kwa sauti hazikai kichwani.

Umeniuliza boksi lipi litafaa kulungu na koyote wote wawili. Tumia lile la greni 100 (huo ni uzito wa risasi, nitakueleza), ncha laini. Zile za greni 58 zenye kincha chekundu cha plastiki zifungie kabatini, na kulungu usimpige nazo hata kama zimebaki hizo tu. Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilimpiga nazo.

Ilikuwa msimu wa juzi, shambani kwa yule mzee Mmarekani anayeniruhusu kuwinda kwake. Asubuhi nilitoka kutafuta koyote, mtutu una greni 58. Kabla jua halijapanda akatokea kulungu dume kwenye korongo, yadi kama 120, ubavu wote kaniachia. Nikajiambia risasi ni risasi. Nikasema bismillah, nikafyatua, nikamwona anapepesuka kabisa. Halafu akaondoka. Tulifuata damu mpaka ikakatika, tukazunguka mpaka giza, tukarudi alfajiri. Tulimkuta kwenye kichaka cha mesikiti, na waliotutangulia ni koyote wenyewe. Paja zote mbili zimekwisha, ila bega walikuwa bado. Nikapasua na kisu. Juma, kulikuwa na shimo pana kama kisahani cha chai lakini kina chake hakifiki urefu wa kidole, nyama imekuwa uji mweusi, na mle ndani vipande vyembamba vya shaba kama maganda ya kitunguu. Mfupa wa bega mzima, una mkwaruzo tu. Yule mnyama hakufa kwa risasi, alikufa kwa kuteseka usiku kucha, na sababu ni uvivu wangu wa kubadilisha risasi.

Sasa uelewe kwa nini. Greni ni kipimo cha uzito, greni 100 ni kama gramu sita na nusu, greni 58 hazifiki gramu nne. Ile nyepesi inatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, nzito inatoka kwa 900 hivi. Ukisikia hivyo unadhani yenye kasi ndiyo kali. Lakini ile nyepesi imetengenezwa makusudi ipasuke mara tu inapogusa kitu: gamba lake la shaba ni jembamba na kile kincha cha plastiki kinasukumwa ndani kama kabari. Koyote ana kilo 11 mpaka 16 hivi, mwili mwembamba, risasi ikipasukia ndani yake amekwisha hapo hapo na mara nyingi haitokei upande wa pili. Kulungu dume ana bega. Risasi inapasukia nje ya nyumba, wenye nyumba wako ndani.

Ya greni 100 ncha laini ina gamba nene zaidi. Ikiingia inafunguka mbele kama uyoga, nyuma inabaki imeshikana, inavuka mapafu na mara nyingi inatoka. Tundu mbili, damu inayoonekana, mnyama haendi mbali. Na kwa sisi Waislamu kuna jambo jingine, wewe ulikaa madrasa kunizidi: kwenye mlango wa uwindaji, mshale ukitoboa ni halali, ukiua kwa kishindo cha ubavu wake si halali. Mimi sitoi fatwa, lakini nikikumbuka lile bega sitaki tena risasi inayopiga kishindo juu ya ngozi. Nataka inayotoboa, nimkute ana pumzi nimchinje.

Utaniuliza, je, hiyo nzito kwa koyote? Inamwua vizuri tu. Ubaya wake ni ngozi, kwa sababu pale inapotokea pana tundu la kuingia ngumi. Kama ungekuwa unauza ngozi ningekwambia mengine. Lakini ngozi za koyote zilikuwa na soko zilipokuwa zinashonewa kofia za makoti ya baridi. Canada Goose wenyewe, kampuni ya makoti hayo, walitangaza 2021 kwamba wanaachana na manyoya. Wewe shida yako ni mbuzi, si ngozi. Pia usije ukashawishika na zile za kijeshi zilizovikwa gamba zima mpaka nchani, eti hazichani ngozi. Zinapita kama sindano, mnyama anakwenda kufia kwa jirani, na majimbo kadhaa yamezipiga marufuku kwa kulungu.

Kuna Mmarekani mmoja, John Nosler, yalimkuta kama yangu mwaka 1946 huko Kanada. Alimpiga kulungu mkubwa wa huko wanayemwita moose, mwili umeganda tope, risasi zikapasukia juu ya ngozi. Akarudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma haiguswi. Akaanza kuziuza 1948 na mpaka leo zipo, zinaitwa Partition. Za greni 100 kwa .243 zipo pia. Ghali, lakini kulungu hupigi kila siku.

Halafu kuna za shaba tupu. Hapa Kiswahili chetu kinanichekesha: risasi ndiyo jina la madini yenyewe, sasa utamwambiaje mtu "risasi ya shaba"? Ni kama kusema dhahabu ya fedha. Lakini zipo, na mwaka huu nazifikiria kwa ajili ya watoto. Ya kawaida ikifunguka inaacha chembe ndogo za madini yale ya risasi nyamani, mbali na tundu lenyewe, huzioni wala hutafuni ukazisikia. Mwaka 2008 kule North Dakota walipiga picha za eksirei nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa maskini, wakaona chembe, serikali ya jimbo ikasema nyama hiyo itupwe. California wamekataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Ukinunua za shaba usitafute greni 100. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule inakuwa ndefu mno na mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu wako haitaizungusha vya kutosha ili iende imenyooka. Chukua 80 au 85. Hizo zinashikana hata zikiwa nyepesi. Kama pesa ipo, jibu langu la kweli kwa wanyama wote wawili ni hilo. Na zile za kawaida ukizitumia, kata nyama yote inayozunguka tundu, kata kwa ukarimu, hata mbwa usimpe, fukia.

Jambo la kulenga. Usichanganye aina mbili msimu mmoja. Bunduki yangu ikipiga greni 58 katikati ya alama kwa yadi 100, greni 100 zinakaa pembeni karibu inchi mbili. Chagua moja, ilenge hiyo mpaka iingie katikati kwa yadi 200, iache. Kwa yadi 100 itapiga juu kidogo, inchi moja na nusu au karibu mbili. Kwa 300 itakuwa imeshuka inchi saba, nane. Zaidi ya hapo usipige, na mimi sipigi.

Sasa kasoro ya ushauri wangu, nisiufiche. Nzito ikikosa mnyama inaweza kuruka ikigonga ardhi kavu, na ina nguvu ya kwenda mbali. Nyepesi huwa inasagika ikigusa udongo. Umesema nyumba ya jirani inaonekana kutoka zizini. Basi usiku zizini usipige kitu. Tafuta punda. Sikutanii. Wafugaji wa Texas wanaweka punda mmoja jike katikati ya mbuzi, koyote akisogea anakimbizwa kwa mateke na meno. Wengine wanafuga mbwa wakubwa weupe wanaolala na mbuzi. Ila punda utamwelewa zaidi, umekulia Pangani. Bunduki itumie asubuhi, ukiwa na kilima nyuma ya shabaha.

Babu yangu Handeni hakuwahi kuulizwa haya. Gobori lake lilikula kila alichokuwa nacho, vipande vya nondo, nati za baiskeli, na kanga walianguka. Ila nakumbuka bibi alikuwa anapapasa nyama kwa vidole kabla ya kuipika, akitoa vyuma, anavipanga dirishani.

Msimu wenu wa kulungu hapo Abilene unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Cheti cha mafunzo ya uwindaji umeshachukua? Sisi tuliozaliwa baada ya 1971 ni lazima, usije ukaniaibisha mbele ya askari wa wanyama. Nina likizo wiki ya mwisho ya mwezi huu, nitashuka na basi la Ijumaa. Nitakuja na karatasi za shabaha na boksi moja la shaba greni 80 tulijaribu kwenye mtutu wako. Wewe andaa mkaa na pilipili mbuzi, mishkaki ya msimu uliopita bado ipo kwenye friji yangu, nitaibeba.

Salamu kwa shemeji na mapacha.

Ndugu yako,
Rashidi