Usinunue hilo boksi kwanza

Mwanangu,

Nisamehe nimechelewa kukujibu, meseji yako niliiona siku ileile ila nikasema hii siijibu kwa mistari miwili, ngoja nitulie, afu si unajua tena, wiki zikakatika. Umeniuliza swali fupi tu, ninunue boksi gani la TV, ukanitumia na picha ya lile boksi jeusi lenye antena mbili wanaosema ukilipa mara moja unaangalia kila kitu maisha yote. Sasa mimi jibu langu ni gazeti, tafuta pa kukaa.

Kwanza hayo maisha yote ni maisha ya nani? Yako, ya boksi au ya kampuni? Manake nimeikuza ile picha mpaka mwisho, hakuna hata jina la aliyelitengeneza. Na hapa sikutishi bure, Juni 2025 FBI ya Marekani walitoa tahadhari kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, ni maboksi ya TV, projekta na hata fremu za picha za kidijitali ambayo yanatoka kiwandani yakiwa tayari yana virusi, au yanavipata pale unapoyawasha na kuinstoli programu zake. We unaangalia mpira, lenyewe linawapangisha wahalifu intaneti yako, wakifanya uchafu wao huko nje unaonekana umetoka kwako. Na usidhani nayasema haya kwa ushabiki wa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote, maboksi hayohayo yanatumia Android ile ya huria, msimbo ambao yeyote anauchukua bure na kuupachika anachotaka. Kwa hiyo neno "huria" siyo hirizi. Mtu akikuuzia kitu kwa neno hilo tu muulize nani anakiapdeti na mara ngapi.

Sasa TV yenyewe. Mimi hii yangu ya sebuleni kampuni siitaji, ila nilipoinunua ilikuwa inawaka haraka, menyu safi, raha tupu. Mwaka wa pili ikajiapdeti usiku, asubuhi nakuta nusu ya skrini ya mwanzo ni matangazo. Mwaka wa tatu programu moja niliyokuwa naitumia kila siku ikaniambia TV yangu ni ya zamani, haihudumiwi tena, na kitufe chake kwenye rimoti kipo mpaka leo, kikubwa chekundu, ukikibonyeza hakuna kitu, unasikia tu kwii ya mpira wake. Kioo hakina shida hata kidogo, kinaweza kudumu miaka kumi mingine. Kilichozeeka ni programu iliyobandikwa nyuma yake. Nikachomoa waya wa intaneti, nikafuta paswedi ya waifai, toka siku hiyo TV yangu ni kioo tu chenye matundu ya HDMI na sijawahi kuipenda kama sasa hivi.

Na siyo vitu vya kampuni ndogo tu. Machi 2025 Chromecast za Google za kizazi cha pili, vile vidude vya kuchomeka nyuma ya TV ili irushe video kutoka kwenye simu, zile za 2015, zilikata ghafla kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Sababu? Cheti kimoja cha kidijitali kilichokuwa kimepewa miaka kumi kilifika mwisho na hakuna aliyekumbuka. Google walituma marekebisho siku chache baadae, sawa, lakini walioharakisha kuirudisha kwenye hali ya kiwandani wakajiongezea tabu. Kifaa kizima, hakijaanguka, hakijaingia maji, kimekufa kwa sababu ya tarehe. Sijui kwa nini ila hii iliniuma kuliko ile TV yangu.

Ndo nikaja kwenye laptopu. Unaikumbuka ile niliyokuwa natembea nayo nimeifunga kwa selotepu kwa sababu bawaba moja imevunjika? Ni ya 2013. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haiitaki hii mashine kabisa, haina TPM 2.0, kijichipu cha usalama wanachokidai, na prosesa yake haimo kwenye orodha yao. Nikaifuta yote nikaweka Debian, mfumo huria wa Linux wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikaiweka chini ya meza ya TV kioo chake kikiwa kimefungwa, waya wa mtandao moja kwa moja kwenye rauta, diski ya nje ya 4 TB pembeni, juu yake nikaweka Jellyfin. Jellyfin ni seva, unaionyesha folda za filamu, muziki na video zako, inazipanga yenyewe na mabango na maelezo, afu simu na TV na kompyuta zote za ndani zinavuta kutoka pale. Hakuna akaunti ya kampuni, hakuna wa kumlipa mwisho wa mwezi.

Historia yake ndo inanifurahisha. Kulikuwa na programu ya kazi hiyohiyo inaitwa Emby, msimbo wake wazi, watu wanachangia, afu Desemba 2018 wenyewe wakaamua kuufunga. Ni kama mwenye nyumba anabadilisha kitasa mpangaji akiwa sokoni, isipokuwa hapa wapangaji walikuwa na ramani na matofali, na leseni ya GPL inasema kabisa ruksa kujenga nyingine. Wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi wakaendelea nalo, wakaliita Jellyfin. Hiyo ndo maana ya huria kwangu mimi, siyo ubure. Vya bure vimejaa kila kona na vingi vinakuuza wewe mwenyewe.

Afu kuna Kodi, na najua utacheka, programu ya bure kabisa ya kuchezea filamu na muziki ndo imepewa jina la kodi! Ilianza 2002 kwa ajili ya Xbox ya kwanza, ikajulikana kama XBMC, jina la sasa walilichagua 2014, nadhani kwenye kile kikao hapakuwa na Mswahili. Kodi yenyewe inakaa kwenye kimashine chochote kilichochomekwa kwenye TV na inacheza palepale, Jellyfin inagawa kwa wote. Mimi natumia zote mbili. Jina la Kodi limechafuliwa na hao wauza maboksi kama lako wanaoijaza vitu vya wizi kabla hawajakuuzia, kwa hiyo ukisikia mtu anasema Kodi ni haramu mwambie asome vizuri.

Sasa nikuambie na ubaya wake manake usije ukanilaumu. Kuna usiku umeme ulikatika, ukarudi, laptopu ikawaka yenyewe kama nilivyoiseti, kila kitu kikaonekana kiko sawa. Asubuhi mama anawasha, anakuta maktaba tupu. Hakuna filamu hata moja. Ananiita kwa sauti ile, "Umefuta?" Mimi moyo paa. Kumbe diski ya nje haikuwa imeunganishwa na mfumo ulipowaka, mimi nilikuwa naiunganisha kwa mkono kila mara na sikuwahi kuandika ule mstari mmoja kwenye faili la fstab wa kuiambia mashine diski hii iunganishe wewe mwenyewe, kwa hiyo seva ikakagua folda, ikaikuta tupu, ikafuta orodha yote kwa uaminifu kabisa. Mafaili yalikuwepo, hayakuguswa, ila alama zote za ulichoangalia na ulipoishia zikapotea, na mama alikuwa sehemu ya 63 ya tamthilia yake. Au 65. Ndo tatizo lenyewe, hakumbuki. Kosa langu asilimia mia, lakini kwenye kile kitufe chekundu angalau ningekuwa na mtu mwingine wa kumtukana.

Kwa hiyo gharama yake ni jioni zako. Utakaa unasoma maelezo yaliyoandikwa na mtu anayedhani wewe ni mhandisi mwenzake, utauliza swali utajibiwa "soma maelekezo" na mtu ambaye maelekezo aliyaandika yeye na hayaeleweki. Sabtaito zitachelewa sekunde mbili bila sababu. Na ukitaka 4K ya hizo huduma za kulipia kwenye kompyuta ya Linux nyingi hazikupi, wanaogopa utarekodi, kwa hiyo mimi bado nalipia moja naiangalia kwenye simu na sioni aibu.

Kitu kingine kitakachokusumbua ni kodeki, hapa nitulie kidogo manake ndo watu wengi wanaposhindwa wanasema Jellyfin mbovu. Faili la video ni kama sanduku, ndani picha imekunjwa kwa namna fulani, na hiyo namna ya kukunja ndo kodeki. H.264, ya 2003, karibu kila kitu duniani kinajua kuikunjua. H.265 ni ya 2013, inakunja vizuri zaidi, faili linakuwa dogo, lakini vifaa vingi vya zamani haviijui. AV1 ikaja 2018, hiyo haina malipo ya leseni, naipenda kwa hilo, ila inataka kifaa kipya zaidi. TV ikiwa haiijui kodeki ya faili, seva inalazimika kuibadilisha papo hapo wakati unaangalia, na laptopu yangu ya 2013 ikipewa H.265 ya kubadilisha feni inalia kama inataka kupaa, prosesa asilimia 100, picha inaganda kila baada ya dakika. Dawa ni kutoibadilisha. Hakikisha kile kinachochomekwa kwenye TV kinaijua H.265 chenyewe, basi seva inabaki kazi ya kusukuma faili tu, na hiyo hata mashine ya hovyo inaiweza. Na tumia waya. Waifai kwa simu sawa, ila kati ya seva na rauta weka waya.

Halafu ile flashi yako uliyolalamika inakataa faili la 6 GB wakati ina nafasi ya 50, haijaharibika, imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofika 4 GB. Toa vilivyomo, iformati kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi usio na kikomo hicho, mradi TV yako inaisoma hiyo. Dakika mbili.

Ila nikuambie kilichonifanya nisijutie yote haya. Mwezi uliopita nilipata zile kanda ndogo za MiniDV za kamera ya video ya mzee, kamera yake bado inawaka, tabu ikawa waya wa FireWire, ule wa zamani wa kuunganishia kamera na kompyuta, na mashine yenye tundu lake. Saa moja ya kanda inakula kama 13 GB, na inaingia kwa mwendo wake, saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa, huwezi kuharakisha. Picha ikaja na mistari kama kitana kila mtu akisogea, kwa sababu hizo kamera zilikuwa zinarekodi nusu ya mistari, halafu nusu nyingine. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kuna sehemu ya kuiondoa, unabonyeza herufi D tu. Hiyo VLC nayo ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Paris, 1996, ile koni ya barabarani unayoiona ni kwa sababu walikuwa na mkusanyiko wa koni pale chuoni, na mpaka leo haina tangazo hata moja.

Basi nikaziweka kwenye seva, mama akakaa na rimoti yake. Dakika ya ishirini hivi mzee anapita pembeni ya kamera, huoni sura, unaona bega na unamsikia anasema, "Hii kitu inarekodi kweli?" Mama akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema nipe rimoti mwenyewe. Alirudisha kama mara nane, hakusema chochote, mimi nikajifanya naangalia simu.

Hizo kanda sasa ziko sehemu tatu, diski ya seva, diski nyingine kabatini na nakala kwa dada. Usiniulize kama kabla ya hapo nilikuwa na bakapu.

Kwa hiyo hilo boksi acha kwanza, hela yake nunua diski, mbili kama unaweza. Ile laptopu yako iliyo juu ya kabati itoe, ifute vumbi, igeuze chini kuna stika, nisomee namba ya modeli nikuambie prosesa yake ni ya mwaka gani, kama ni 2016 kupanda juu, huenda hata H.265 inaijua yenyewe na umenipita mimi. Ila kabla hujafuta chochote angalia kuna nini mle ndani, hasa folda ya picha. Jumapili jioni nitakuwepo, nipigie nikuelekeze.

Wako,
yule wa selotepu