Kasha la kompyuta lifungueni ubavu kwanza ndo mlisifie

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana makala yenu ya juzi kuhusu kuchagua kompyuta ya mezani imenigusa. Sio kwamba ilikuwa mbovu, hapana, prosesa mmeieleza vizuri, ramu mmeieleza, diski mmeieleza mpaka kasi yake ya kusoma na kuandika, alafu mlipofika kwenye kasha mkaweka sentensi moja tu kwamba msomaji achague litakalompendeza. Yaani kitu kinachobeba vyote hivyo, kinachoamua kama vitapumua au vitaiva humo ndani, kimepewa sentensi moja. Nimeshindwa kukaa kimya.

Mi ni fundi, kila siku mikono yangu iko ndani ya hizi mashine, na kwa ninavyoona watu wanakosea kwenye kasha kuliko kwenye kitu kingine chochote. Hata jina lake wengi hawalitumii, boksi zima wanaliita sipiyu, mtu anapiga simu anasema sipiyu yangu inanguruma, ukienda kuangalia ni feni ya nyuma inagusa waya. Sipiyu ni ile prosesa, ubongo wa kompyuta, kidude kinachokaa kwenye kiganja. Boksi lenyewe ni kasha, na kasha lina kazi mbili tu za kulipima, fundi aweze kufanya kazi ndani yake bila kuumia wala kuumiza kitu, na hewa iingie na itoke. Taa na vioo vije baadaye.

Kuna kasha moja nililetewa, kampuni siitaji, kwa nje linavutia kweli, kioo mbele kioo ubavuni taa za rangi zote. Nikalifungua. Bati jembamba, ukilishika kwenye kona linacheza, kingo hazijakunjwa, na ile kona ya juu nyuma ambapo waya wa umeme wa prosesa unatakiwa upite, ule wa pini nane, wameacha katundu ambako kichwa cha waya kinapita kwa kulazimisha. Mi nikawa nimeshafunga mazabodi, ule ubao mkuu ambao prosesa na ramu vinachomekwa, kwa skrubu zake zote tisa, na kipoozeo cha prosesa kimeshakaa juu yake, kikubwa, kimeziba kona yote. Vidole haviingii. Nikajaribu koleo ndogo, nikajaribu kusukuma kwa bisibisi taratibu huku naogopa isiteleze ikakwaruza ubao, haikuwezekana, ikabidi nifungue zile skrubu tisa nitoe mazabodi nje, nipitishe waya kwanza alafu nianze upya. Wakati natoa mkono ukingo wa bati ukanichana kidole gumba pembeni ya ukucha, damu ikadondoka sentimita chache tu kutoka kwenye soketi ya ramu. Kazi ambayo kwa kawaida naimaliza ndani ya saa moja ikala nusu siku. Na hilo kasha mtu akilipima kwa macho tu analibeba la kwanza.

Sasa chukua kasha ambalo aliyelichora aliwahi kushika bisibisi. Kingo zote zimekunjwa, unapitisha kiganja popote. Nyuma ya lile bati la kufungia mazabodi kuna nafasi ya sentimita mbili au zaidi ya kulaza waya, na matundu ya kupitishia ni mapana tena yako mahali waya unapohitajika. Bati hilohilo limekatwa dirisha nyuma ya prosesa ili siku ukibadilisha kipoozeo usilazimike kung'oa mazabodi nzima. Skrubu za ubavu unazungusha kwa vidole. Hakuna hata kimoja hapo kinachoonekana kwenye picha ya tangazo, ila fundi akishika hilo kasha uso wake unabadilika.

Na vile vinguzo vya shaba vinavyoinua mazabodi isiguse bati naomba nivisemee, maana nimeona mazabodi zimekufa kwa sababu yake. Kasha la ATX, yaani lililotengenezwa kwa mazabodi ya saizi ya kawaida, linapokea pia mazabodi ndogo, ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170, na kila moja ina matundu yake ya skrubu. Ukiacha kinguzo mahali ambapo mazabodi yako haina tundu, kile kishaba kinagusa risasi za kulehemu nyuma ya ubao, umeme unapita pasipotakiwa, mashine ama inagoma kuwaka ama inawaka inazima, na ukiwa na bahati mbaya ubao unaungua. Kasha zuri limechapa herufi kwenye bati pembeni ya kila tundu, hili la ATX, hili la microATX, na kinguzo cha katikati kina ncha inayochomoza ili mazabodi ikae yenyewe wakati unatafuta skrubu ya kwanza. Kasha la hovyo linakupa kimfuko cha skrubu zimechanganywa aina zote, wala hakuna karatasi ya kueleza, wakati skrubu ya pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme, na ya diski ndogo ni nyuzi tofauti kabisa, ukilazimisha unaharibu tundu moja kwa moja.

Kuhusu vipimo nitaenda haraka. Kabla ya kununua soma urefu wa kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini, na kimo cha kipoozeo ambavyo kasha linaruhusu, kadi kubwa za siku hizi zinapita milimita 300 na vipoozeo vya mnara vingi vinacheza kwenye milimita 155 mpaka 165. Ila angalia, ile namba ya kadi mara nyingine wameipima mbele kukiwa hakuna kitu, ukifunga feni kwa ndani umeshapoteza milimita 25 ambazo ndo unene wa feni za kawaida, na kama kuna rejeta ya maji ya kupoozea prosesa unapoteza zaidi. Nimeona mtu amekwama kwa milimita tano tu.

Joto sasa, hapa ndo roho yangu ilipo. Kijana mmoja anayehariri video aliniletea mashine bado mpya, analalamika inaanza kwa kasi nzuri alafu baada ya dakika kumi inakuwa nzito kama ya zamani. Alishabadilisha dawa ya kupooza prosesa, alishafuta programu kibao, alishaanza kufikiria kuuza. Nikaiwekea kazi nzito ubavu ukiwa umefungwa, nikakaa nayo naangalia namba, ikapanda taratibu mpaka digrii 96 na hapo kasi ikaanza kushuka, maana prosesa zimetengenezwa hivo, nyingi zikikaribia digrii 95 mpaka 100 zinajipunguza zenyewe ili zisiungue. Sikugusa kitu, nikatoa tu kile kioo cha ubavu nikaiegemeza pembeni, kazi ileile inaendelea. Baada ya dakika kumi ilikuwa 78, kasi imerudi yote. Prosesa ileile, feni zilezile, chumba kilekile. Kilichokuwa kinaiua ni kasha, mbele kulikuwa na feni tatu nzuri kabisa zinazunguka usiku na mchana ila zimewekewa kioo kizima mbele yake, hewa inapita kwenye ufa wa pembeni unaolingana na unene wa penseli. Yule kijana aliangalia ile namba inashuka akanyamaza muda mrefu.

Hicho kipimo hakihitaji ufundi na mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Endesha kazi nzito dakika ishirini ubavu ukiwa umefungwa, andika joto, fungua ubavu, subiri, andika tena. Tofauti ikiwa digrii mbili tatu kasha lako linapumua. Ikiwa kumi na kitu basi linakaba, na kubadilisha kipoozeo cha prosesa hakutatibu maana kitapuliza hewa ileile iliyokwisha kupata moto. Sisemi ubavu uachwe wazi siku zote, vumbi litajaa na mkono wa mtoto utaingia, na diski zilizo mbele zinakosa ule upepo unaozipitia, ni kipimo tu cha kujua tatizo liko wapi.

Na joto msiandike peke yake jamani. Mtu anasema kasha hili digrii 75 lile digrii 78, basi la kwanza bora. Chumba kilikuwa na ngapi? Kama la kwanza lilipimwa kwenye chumba cha digrii 22 limezidi chumba kwa 53, na kama la pili lilikuwa kwenye chumba cha 31 limezidi kwa 47 tu, kwa hiyo la pili ndo linapooza vizuri zaidi. Feni haiwezi kushusha kitu chini ya joto la hewa inayoivuta, ndo maana tofauti na chumba ndo namba ya kweli.

Idadi ya feni nayo inawadanganya watu sana. Feni mbili mbele na moja nyuma kwenye kasha lenye uso wa wavu mimi nazichukua kuliko feni sita nyuma ya kioo. Feni pana ya milimita 120 au 140 inasukuma hewa nyingi ikizunguka polepole, ile ndogo ya 80 lazima ikimbie ndo ifikie kiasi hicho na ndo ule mluzi unaousikia usiku. Muhimu zielekee upande sahihi, hewa iingie mbele na chini, itoke nyuma na juu. Ukishindwa kujua feni inapuliza wapi angalia upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota, hewa inatokea huko. Au chukua karatasi laini ya kufutia mkono isogeze mbele ya kasha, inatakiwa ivutwe inase, ipeleke nyuma inatakiwa isukumwe. Nimeshafungua mashine ambayo feni ya mbele na ya nyuma zote zinatoa, na mwenyewe anashangaa kwa nini imejaa vumbi. Itaacha kujaa vipi, ukitoa hewa nyingi kuliko unayoingiza kasha linavuta kupitia kila upenyo, kwenye poti za USB, kwenye nafasi za kadi huko nyuma, popote pasipo na chujio. Ukiingiza nyingi kuliko inayotoka, hewa ndo inasukumwa nje kwenye hizo nyufa na vumbi linabaki kwenye chujio ambapo unaweza kulifuta.

Chujio lenyewe litoke kwa urahisi lakini. Lile la chini ya pawasaplai kwenye makasha mengi unalivuta kutokea nyuma, yaani mpaka uvute mashine kutoka ukutani, uchomoe waya wote, uilaze. Nani atafanya hivo kila mwezi? Hakuna, na chujio lililoziba ni sawa na kile kioo cha yule kijana. Likitokea mbele au pembeni mtu anavuta, anakung'uta nje, anarudisha, dakika moja. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuchagua kasha moja na kuacha jingine.

Nimeandika mengi Mhariri lakini sababu ni kwamba kasha ndo linalobaki. Kipimo cha ATX Intel walikitoa 1995 na matundu ya skrubu bado yako palepale, prosesa utabadilisha, ramu utabadilisha, kadi utabadilisha, kasha ukilinunua vizuri linapokea hizo zote zikija na kuondoka. Mtu akikosea hapo ataishi na kosa kwenye kila kompyuta atakayoijenga ndani yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wa ule ukurasa wa teknolojia, safari ijayo mkipata kasha la kujaribu muwe na bisibisi, rula na kipimajoto cha chumba. Fungeni mazabodi kwa mikono yenu wenyewe mtuambie ilichukua dakika ngapi na wapi mlikwama. Pitisheni kidole kwenye kingo taratibu. Tupeni joto ubavu ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, na chumba kilikuwa digrii ngapi. Hayo yakishaandikwa ndo mtueleze na taa zake zina rangi gani.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku,
Fundi kompyuta